The Break-Up: Mwisho Sahihi, Mwanzo Uliopunjwa

Kati ya malalamiko yote dhidi ya The Break-Up, ile filamu ya mwaka 2006 ya Vince Vaughn na Jennifer Aniston, moja halijaisha hadi leo: iliuzwa kama komedi ya mapenzi, halafu mwishoni wapenzi hawarudiani. Mimi nautetea mwisho ule. Lakini wanaolalamika nao wana hoja, na iliyo nzito zaidi si hiyo wanayoitaja kila siku.

Kwa ambao hawajaiona: Gary Grobowski (Vaughn) na kaka zake wanaendesha biashara ya kutembeza watalii kwa basi jijini Chicago. Brooke Meyers (Aniston) anafanya kazi kwenye nyumba ya maonyesho ya sanaa. Hawajaoana, ila wamenunua fleti pamoja. Usiku mmoja, wageni wakishaondoka, wanagombana na Brooke anatamka kwamba yamekwisha. Hakuna aliye tayari kuiacha fleti, basi wanaendelea kuishi humo humo, Brooke chumbani, Gary kwenye kochi la sebuleni. Mwongozaji ni Peyton Reed, na Vaughn mwenyewe alishiriki kuitunga hadithi.

Ugomvi wa usiku ule ndio sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Familia mbili zinakuja kula. Brooke amepika, amesafisha, amepanga meza, na Gary ametumwa kitu kimoja tu: malimau 12. Analeta matatu. Haoni mtu atayafanyia nini malimau 12, kumbe yalikuwa pambo la katikati ya meza. Baada ya chakula Brooke anaomba msaada wa kuosha vyombo. Gary anataka apumzike kwanza, acheze mchezo wake wa video, vyombo vitaoshwa kesho. Akibanwa anainuka shingo upande, na hapo Brooke anamwambia hataki msaada wa namna hiyo. Anataka Gary atamani mwenyewe kuosha vyombo. Gary anashangaa kwa dhati: nani duniani anatamani kuosha vyombo?

Nimewasikia watu wakilijadili jambo hili kwa ukali kuliko siasa, na kila upande unaona jibu liko wazi. Hebu tuupe kila upande haki yake.

Gary ana utetezi. Anafanya kazi ya kusimama na kuzungumza mchana kutwa, amerudi amechoka, na alipoombwa mara ya pili alikubali. Kuambiwa kwamba kukubali hakutoshi, mpaka na moyo wake upende, ni kudaiwa kitu ambacho mtu hawezi kukitoa kwa amri. Halafu kuna suala la maua. Brooke analalamika kwamba haletewi maua, na Gary anamkumbusha kuwa ni yeye aliyesema hapendi maua. Jibu la Brooke ni kwamba kila msichana anapenda maua. Mwanamume aliyeyachukua maneno ya mwenzake kama yalivyosemwa ana haki ya kuchanganyikiwa.

Lakini nikiyaweka mezani yote mawili, mzani unaelemea kwa Brooke. Vyombo vya usiku ule ni tone tu. Anachodai ni kwamba kwa muda wote waliokaa pamoja ameibeba nyumba peke yake: anakumbuka yeye, anapanga yeye, na hata kuomba msaada ni kazi yake yeye. Anataka baleti, Gary hampeleki kwa sababu yeye haipendi. Gary anapenda mechi, na Brooke amekwenda naye. Mtu wa namna ya Gary si mkatili wala si mhuni. Amezoea tu kwamba mambo yanajipanga yenyewe, na hajawahi kujiuliza anayeyapanga ni nani.

Kinachofuata ndicho kinachoifanya hadithi hii iume. Brooke hakukusudia kuachana. Amesusa. Anategemea Gary atashtuka, atakuja kubembeleza, watayamaliza. Gary naye anaamini ameachwa kweli, kwa hiyo kiburi chake kinasimama mlangoni. Ananunua meza ya pool na kuitia sebuleni. Brooke anatoka na wanaume wengine ili aonwe akitoka. Gary anafanya karamu ya karata na wanawake wanaovua nguo. Kila tendo la mmoja ni ujumbe, na kila ujumbe unafika kwa mwenzake kama tusi. Ukisusa, wenzio wala. Brooke anaujua msemo huo kwa vitendo.

Hapa mtazamaji aliyekulia kwetu anaona pengo ambalo filamu hailigusi. Brooke ana shoga yake Addie, Gary ana rafiki yake Johnny O, na kila mmoja anashauriwa na wa upande wake. Wazazi na ndugu walikuwepo mezani usiku ule ule wa malimau, lakini yakishaharibika hakuna mtu mzima hata mmoja anayewakalisha kitako wote wawili na kuwauliza kulikoni. Wanaokutana nao pamoja ni marafiki wanaowaalika kucheza michezo, na dalali wa nyumba, rafiki yao, anayewauzia fleti na kuwapa wiki mbili wahame. Siamini kwamba mshenga angeiokoa kila nyumba. Ila hawa walikuwa wanasubiriana, na jambo la namna hiyo huhitaji mtu wa tatu asiye na upande.

Sasa tuje kwenye mwisho. Brooke anafanya jaribio moja la mwisho, anamwalika Gary kwenye tamasha la muziki. Anamsubiri kando ya kiti kitupu, na Gary haji. Baadaye, kwenye baa, Johnny O anamweleza Gary kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba siku zote mambo yamekuwa ya kwake, kwa namna yake, na watu wanaompenda ndio wanaojirekebisha. Jon Favreau, anayemwigiza Johnny O, anaisema ile hotuba kwa upole, bila kupandisha sauti, na Vaughn, ambaye kwa filamu nzima hajafunga mdomo, ananyamaza. Gary anarudi nyumbani, anasafisha, anapika, anaomba waanze upya. Amechelewa. Brooke anamwambia hana tena cha kumpa.

Wanaopinga wanauliza: mwanamume amebadilika, amepika, ameomba radhi, kwa nini asisamehewe? Na wana historia nyuma yao. Hollywood imewazoesha watu hivyo tangu zamani. Mwaka 1937, katika The Awful Truth, Cary Grant na Irene Dunne wanapewa talaka ambayo itakamilika baada ya siku 90, wanagombania mbwa mahakamani, wanaharibiana mipango ya kuoa na kuolewa kwingine, na usiku wa mwisho, saa zikielekea ukingoni, wanarudiana. Mwanafalsafa Stanley Cavell aliziandikia kitabu kizima komedi za namna hiyo, ambazo wanandoa huachana ili wapate kuchaguana upya. Mtazamaji aliyekata tiketi kwa matarajio hayo hana kosa. Anajua mkataba, na filamu imeuvunja.

Jibu langu ni kwamba The Break-Up ilikuwa imeshatoa taarifa mapema. Katika zile komedi za zamani, wanaoachana ni watu wa ngoma moja: wanajibizana kwa kasi ileile, wanacheka vichekesho vilevile, na ukiwatazama unaona hakuna mwingine atakayewaweza. Gary na Brooke hawako hivyo. Anachokiomba Brooke ni kuonwa, na Gary anaanza kumwona pale tu anapokaribia kuondoka. Mtu akishachoka kufundisha mwenzake jinsi ya kumjali, somo likieleweka siku ya mwisho halimrudishii nguvu alizotumia. Kuwarudisha pamoja pale kungekuwa kumwambia Brooke kwamba chakula kimoja cha jioni kinalipa deni lote. Aniston anaigiza kukataa kule bila hasira wala ushindi, na ndiyo kazi yake bora humo.

Hoja nzito sasa, ile ya kweli. Mwisho wa kuachana unauma tu pale ambapo tumekiona kilichopotea, na filamu hii haikutuonyesha. Tunamwona Gary kwenye uwanja wa Wrigley Field, mechi ya Cubs, timu ya besiboli ya Chicago, akimtongoza Brooke ambaye amekuja na mwanamume mwingine. Kisha zinapita picha za mnato: wanacheka, wanakumbatiana, sikukuu hii na ile. Baada ya hapo, malimau. Mapenzi yao yamesimuliwa kwa albamu, halafu ugomvi wao tumeukalia hadi mwisho. Matokeo yake, watazamaji wengi hawakulia walipoachana; walijiuliza waliwezaje kukaa pamoja. Mwanzo huo ungepewa pumzi, nina hakika nusu ya wanaochukia mwisho wangeutetea leo.

Hilo halikuizuia filamu kuuza. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 52, ikaingiza zaidi ya milioni 200 duniani. Talaka ya Aniston na Brad Pitt ilikuwa imekamilika Oktoba 2005, magazeti yalikuwa yakimhusisha na Vaughn, na wengi walikwenda kutazama maisha yake kuliko ya Brooke. Si haki kwa mwigizaji, lakini ilijaza viti.

Na mwisho tunaoujadili sio uliopigwa kwanza. Katika ule wa awali, Gary na Brooke wanakutana mtaani kila mmoja akiwa na mpenzi mpya anayefanana na yule wa zamani. Watazamaji walioonyeshwa filamu kwa majaribio kabla haijatoka hawakuupenda, ukapigwa mwingine: wanakutana peke yao, wanasalimiana, wanaulizana hali, kila mtu anashika njia yake huku wakitabasamu. Wapo wanaosema studio iliogopa, na tabasamu lile ni mlango uliowachwa wazi kwa wanaotaka kuamini watarudiana. Huenda woga ulikuwepo. Bado naona wa pili ni bora. Wa kwanza ungetuambia kwamba hawakujifunza kitu, wamebadilisha sura tu, na maneno ya Johnny O kule baa yangekuwa yamemwagika bure. Wa pili unamwacha Gary awe mtu aliyesikia.

Ningepewa mkasi, mwisho nisingeugusa. Ningeikata karamu ya karata, ambayo inamdhalilisha Gary bila kutuambia jipya juu yake, na dakika zake ningezipeleka mwanzoni, mwaka ule waliponunua fleti, tuwaone wakipaka rangi kuta na kubishana kochi likae upande gani.