Elvis Musiba anastahili kusomwa Iringa na Mbeya

Katika notisi nyingi za fasihi, Elvis Musiba humalizwa kwa sentensi moja: mwandishi wa riwaya pendwa za upelelezi, zilizoiga Wazungu. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha sita amechambua Kufikirika na Vuta N'kuvute, akafanya mtihani, akahitimu bila kukutana na Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Musiba, hata kwa ukurasa mmoja. Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa huku kwetu alinieleza msimamo huo kwa maneno machache: vile vilikuwa vitabu vya kusomea kwenye basi, na darasa si basi.

Hoja yake ina uzito, na nitaifikia. Lakini naamini mtu anayeishi kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mpakani na Zambia, awe Ilula, Mafinga, Makambako au Uyole, ana sababu ya kumsoma Musiba ambayo mwalimu huyo hakuipima.

Tutazame kwanza kinachosimuliwa. Katika Kufa na Kupona, iliyotoka 1974, siri za wapigania uhuru zimeangukia mikononi mwa maadui na Gamba anatumwa Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi, ya 1979, kazi inampeleka Kinshasa, kuwasaka wanaowaua viongozi wa harakati za ukombozi. Nyuma ya yote wapo makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wao, weusi kwa weupe. Wakosoaji husema huyu ni James Bond aliyepakwa rangi nyeusi: bosi anayeitwa Chifu, mpelelezi mtanashati, pombe kali, warembo, bastola. Vyote hivyo vimo. Sibishi.

Ninachobisha ni ile dhana kwamba njama zenyewe ziliazimwa ng'ambo. Tarehe 3 Februari 1969, jijini Dar es Salaam, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alifungua kifurushi kilichofika kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Tarehe 18 Machi 1975, mjini Lusaka, Herbert Chitepo, mwenyekiti wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake nyumbani kwake. Kikosi cha Kisasi kikatoka miaka minne baadaye. Mtanzania wa miaka ile hakuhitaji kusoma riwaya ya Kiingereza ili awaze kiongozi wa wapigania uhuru akiuawa kwa mtego. Alikuwa amelisikia hilo kwenye taarifa ya habari, na la kwanza lilitokea mjini mwake.

Na vita vile vilipita kwetu. Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imefungika. Mafuta yake yakaanza kubebwa kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam, yakapanda milima ya Iringa na kushuka Mbeya, kwenye barabara ya udongo iliyoua madereva mvua ziliponyesha. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia. Mwaka 1976 ikakabidhiwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikipita Makambako na Mbeya. Barabara, bomba na reli vinavyoonekana leo kama vitu vya biashara tu vilijengwa, au viliharakishwa, kwa sababu ya ugomvi uleule ambao Willy Gamba anaupigania.

Kisha kuna Mgagao. Nalirudia jina hili kila ninapozungumza na vijana, maana wengi waliozaliwa mkoani Iringa hawajawahi kulisikia. Ni mahali katika wilaya ya Kilolo ya leo, palipokuwa na kambi ya wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ZANU. Hapo, mwaka 1975, maofisa wa kambi waliandika tamko la kumkataa Ndabaningi Sithole kama kiongozi wao na kumtaja Robert Mugabe kuwa mtu anayeweza kuwasemea. Fikiria uzito wake. Barua iliyochangia kuamua nani ataitawala Zimbabwe iliandikwa na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya vita katika milima yetu, miezi michache baada ya mwenyekiti wao kulipuliwa Lusaka. Majirani zao walikuwa wakulima wa mahindi. Na Chunya nako, pale Itumbi, palikuwa na kambi ya PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Wanakijiji waliishi na siri hizi, waliambiwa wasiulize sana, na wengi wao hawakuuliza.

Riwaya nilizozitaja haziendi Mgagao. Zinakwenda Nairobi na Kinshasa. Wala simtumii Musiba kama kitabu cha historia. Ila ile hali ya kukaa macho, ya kujua kwamba adui anaweza kufika kwa suti na pasipoti halali, kwamba mtu wa karibu anaweza kununuliwa, kitabu cha kiada hakiwezi kumpa mwanafunzi. Musiba anampa, na anampa kwa Kiswahili ambacho msomaji aliyekua akizungumza Kihehe au Kinyakyusa anakifuata bila kamusi.

Jambo hili la lugha nyepesi limedharauliwa kupita kiasi. Sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili hivi za watu wazima nchini hawajui kusoma wala kuandika. Kufikia 1981, baada ya kampeni za kisomo cha watu wazima, waliobaki walikuwa takriban mtu mmoja kati ya watano. Umati huo mpya wa wasomaji ulitoka darasani na vitabu vya kilimo cha pamba na uzazi bora. Ungesoma nini tena kwa hiari yake? Musiba, Ben Mtobwa na wenzao walikuwa sehemu kubwa ya jibu. Kitabu kilitoka mkononi mwa dereva kikaenda kwa utingo, kikaishia kwa mwanafunzi wa kutwa, bila jalada, na bado kikasomwa. Na Musiba hakuwa mtu wa kuishi kwa kalamu peke yake. Alikuwa mfanyabiashara aliyefikia kuiongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo nchini. Aliandika kwa kuwa alikuwa na la kusimulia.

Kuhusu kuiga, Muhammed Said Abdulla alimchora mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake akimtazama Sherlock Holmes. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, ikachapishwa 1960, na leo tunaitaja kwa heshima kama mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Abdulla akisamehewa Holmes, sioni kwa nini Musiba asisamehewe Bond.

Sasa upande wa mwalimu yule. Hoja yake nzito haihusu kuiga, inahusu wanawake. Wanawake wa Musiba mara nyingi huingia wakiwa wametangulizwa na maumbile yao, na Gamba huwatazama hivyo kwanza. Msichana wa miaka kumi na saba akiambiwa asome hilo mbele ya wavulana darasani, ana haki ya kuudhika. Kusema "ni mambo ya zamani" hakumsaidii.

Hoja ya pili ni ya kisiasa. Msaliti wa Musiba hununuliwa na kaburu. Kiini cha uovu kiko nje. Historia ilikuwa chungu zaidi. Tume iliyoundwa Zambia kuchunguza kifo cha Chitepo iliwanyooshea kidole viongozi wenzake wa ZANU, ilhali masimulizi ya baadaye yaliwataja majasusi wa Rhodesia. Mwaka 1979, mwaka uleule wa Kikosi cha Kisasi, David Sibeko wa PAC aliuawa Dar es Salaam na wanachama wa chama chake mwenyewe. Willy Gamba hana macho ya kuona mauaji ya aina hiyo, na anayelelewa na Gamba pekee atashindwa kuyaelewa.

Hata hivyo, kasoro hizi mbili ndizo ningependa zijadiliwe na wanafunzi kwa sauti. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikarudi na kufundishwa, na mijadala iliyozaliwa nayo imewafaa wengi. Kikosi cha Kisasi kisomwe sambamba na tamko la Mgagao, katika kidato cha tano, mwalimu wa historia na wa Kiswahili wakikaa meza moja. Wanafunzi wakawaulize wazee wa Kilolo na Chunya walichokiona. Kwa vidato vya chini nakubaliana na mwalimu yule: wasubiri, na nakala mbili tatu ziwepo maktaba kwa atakayezitafuta mwenyewe.