Mbona ni "rafiki yangu"?

Kila msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, shuleni kwetu Nyegezi, Mwanza, tunapokea wanachuo wa ualimu, na wiki ya pili haijaisha utasikia stori za ofisini zimeshahamia ughaibuni. Mwaka huu wamezidi. Mmoja alikuwa anajaza andalio la somo huku simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji, anamsikiliza jamaa anayeeleza nafasi za kufundisha Kiswahili nje. "Madam, si lugha yetu wenyewe? Tutashindwa nini?"

Siwalaumu. Wapo waliohitimu zamani na bado kila asubuhi wanafungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na siku hizi hata ualimu una usaili. Soko nalo lipo: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili moja ya lugha zake rasmi mwaka 2019, na mpango wa Fulbright wa serikali ya Marekani umekuwa ukipeleka walimu vijana kusaidia kufundisha Kiswahili vyuoni huko kwa mwaka mmoja wa masomo. (Anayekutaka utume hela ya usajili kwa simu, kamuulizie kwanza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira.)

Ila hilo "tutashindwa nini" linanikera, maana mimi nilishashindwa. Ilikuwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kwenye dagaa. Mnunuzi kutoka Sudan Kusini, mwenye kidaftari kinachonuka dagaa, aliniuliza: mnasema mtu mzuri, rafiki mzuri, mtu wangu, halafu rafiki yangu. Kwa nini? Nikamjibu, "Ndivyo tunavyosema." Akaandika hivyo hivyo! Mama mwenye magunia akanitazama: "Na wewe ni mwalimu?"

Usiku nilifungua kitabu cha sarufi. Majina kama rafiki, dada na kaka ni ya viumbe hai, lakini vimilikishi vyake (yangu, yako, yake) vinafuata ngeli ya I-ZI, kama nyumba yangu, nyumba zangu. Nimekisema Kiswahili tangu utotoni na sikuwahi kuliona.

Chuoni tunaandaliwa kumfundisha mtoto anayekuja darasani anaongea tayari. Mgeni anaanzia sifuri, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Mimi ningependa kila mwanachuo wa Kiswahili apewe mgeni mmoja wakati wa BTP. Hapa Mwanza hawakosekani, Mwaloni tu wamejaa. Amfundishe mwezi mzima, mpaka aweze kupatana bei bila mkalimani. Pasipoti baadaye.

Yule wa chupa ya maji nilimpa swali la rafiki Jumatatu. Ijumaa akaja na jibu sahihi, na swali lake juu: "Madam, basi mbona simba ni wangu?"