Niliitikia Marahaba Tu

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana mama watoto amesema nikisimulia nisimulie yote.

Kijana anayemchumbia binti yetu ni Mzungu wa hapa hapa Minnesota, Marekani, mpole, ndevu rangi ya kutu. Binti amemfundisha maneno matatu ya Kiswahili: shikamoo, asante na pole. Jumatano jioni akapiga simu. "Shikamoo, baba!" Kabla sijaitikia akashusha Kiingereza chao cha puani, sijui Jumamosi, sijui msitu wa kaskazini, sijui sungura. Mimi wakati huo nimeinama natafuta rimoti chini ya kochi. Alipomeza mate tu nikaitikia kama mtu yeyote aliyelelewa: "Marahaba." Simu ikakatwa. Kumbe anavyojua yeye, marahaba maana yake "ndiyo, kwa moyo mkunjufu", nami nimeshakubali kwenda kuwinda sungura.

Ningeweza kughairi. Lakini tangu lini mzee akala neno lake mbele ya mkwe, tena mkwe ambaye ng'ombe bado hajatoa?

Ijumaa akaja na mfuko kukagua nguo zangu. Akashika fulana yangu nzuri kabisa, akatikisa kichwa. "Pamba hapana, baba. Huku tunasema pamba inaua." Jamani! Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu. Ada yangu ya shule ililipwa na pamba. Ilituua kweli, lakini ilituua kwa bei, siyo kwa baridi. Akanieleza kwamba pamba inakunywa jasho halafu haikauki, ukisimama tu maji yale yanakunyonya joto lote la mwilini. Ndipo nikavalishwa sufu, juu ya sufu kitu cha plastiki, juu ya plastiki manyoya ya bata, na juu ya bata kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka kama taa ya barabarani. Hicho cha juu ni sheria. Mwinda wanyama wadogo lazima avae angalau nguo moja inayowaka juu ya kiuno, ya chungwa au ya waridi. Waridi niliikataa. Heshima ya baba mkwe ina mipaka yake.

Leseni nayo ina vituko. Sheria ya huku inasema aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 lazima asomee usalama wa bunduki kabla hajauziwa leseni. Mimi wa 1968 nikasamehewa. Yaani serikali imenitazama mvi ikahisi hapa pana mzoefu. Mzoefu! Maishani mwangu nilichowahi kulenga ni embe, kwa manati, na embe lenyewe lilikuwa la jirani. Nikasoma karatasi nikakuta naruhusiwa sungura 10 kwa siku. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa.

Tuliondoka saa tisa usiku. Saa ambayo kwetu mtu akigonga mlango unajua kuna msiba.

Kulipopambazuka tulikuwa tumepita mji wa Duluth, tunaambaa na Ziwa Superior, na ziwa linafuka moshi kama sufuria ya ugali, kwa sababu maji yalikuwa na joto kuliko hewa. Mkwe akanichokoza: eti ziwa lao kwa eneo limelizidi Victoria, kilomita za mraba 82,000 dhidi ya karibu 69,000. Nikamwambia sawa, lakini Victoria unaweza kuingia ukaoga. Akakosa la kusema. Nilitia alama hiyo moja mfukoni, maana siku nzima sikupata nyingine.

Kipimo cha gari kilisema nyuzi 23 za Selsiasi chini ya sifuri. Sasa fikirieni. Minofu ya sangara iliyogandishwa inayotoka Mwanza husafirishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Samaki aliyekufa, aliyechunwa ngozi, aliyefungwa kwenye boksi, ana joto kuliko mimi niliye hai na nina shughuli zangu. Nikivuta pumzi, nywele za puani zinagandana. Simu ilikuwa na chaji asilimia 70. Nikaitoa nipige picha, ikazima.

Mkwe akanivalisha viatu vya theluji. Wanasema viatu, lakini ni ungo mbili unazofunga miguuni ili usizame. Siri yake ni kutembea miguu ikiwa imeachana, kama mtu aliyetoka jando. Mimi hatua ya tatu nikajikanyaga mwenyewe, ungo wa kulia juu ya ungo wa kushoto, nikaenda chini mzima mzima. "Pole, baba." Nikainuka. Hatua ya kumi. "Pole, baba." Kufikia saa nne asubuhi lile neno alikuwa analitamka kwa lafudhi safi kabisa, maana mazoezi aliyapata.

Halafu ndipo nikasikia habari za huyo sungura wao. Hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Mguu wake wa nyuma ni mpana, una manyoya mpaka chini ya nyayo, haumzamishi kwenye theluji. Yaani viatu nilivyokodi kwa dola, yeye kazaliwa navyo! Na koti: majira ya joto ni kahawia, mchana ukianza kuwa mfupi linageuka jeupe lenyewe, hasubiri theluji. Mwaka theluji ikichelewa anakaa mweupe juu ya majani makavu, kama mtu aliyevaa suti ya harusi siku ya kuchimba choo. Lakini mwaka huu theluji haikuchelewa. Yeye yuko mweupe ndani ya weupe, mimi ni chungwa, nafuka mvuke, naanguka kila hatua ya kumi. Sasa mwindaji ni nani hapo?

Mkwe akanipa mbinu. Sungura wa huku akifukuzwa hatoroki moja kwa moja, anazunguka akirudi karibu na alipoanzia. Kwa hiyo: "Wewe baba simama hapa kwenye mti. Mimi nafuata nyayo. Atazunguka, atakuja kwako. Usitafute sungura, tafuta jicho jeusi." Akapotea kwenye misonobari.

Nikasimama. Kutembea kulikuwa adhabu, kumbe kusimama ni kifungo. Dakika ya kumi vidole vya miguu vikaaga kimoja kimoja. Nikakumbuka maandazi aliyonifungia mama watoto. Nikang'ata, jino likateleza. Andazi lilikuwa jiwe. Ningelitia kwenye manati ningeua nyati. Dakika ya ishirini nikabanwa na haja ndogo, na ndugu zangu, kati yangu na haja hiyo kulikuwa na suruali tatu, zipu mbili na vidole kumi visivyosikia amri. Hayo mengine tuyaache.

Ndipo nikaliona jicho. Jeusi, dogo, hatua kama kumi na tano, limekaa kwenye weupe peke yake kama kokwa la papai kwenye shuka. Kidogo kidogo nikamwona mwenyewe, na ncha nyeusi za masikio. Ananitazama. Nikainua bunduki ya marisau taratibu. Kidole hakiingii, glavu ni nene kama mkate. Nikaivua glavu kwa meno. Pumzi ikapanda, miwani ikafunga ukungu, ukungu ukaganda palepale. Sungura mwenye akili za hadithi zetu angekimbia. Huyu alikaa! Alikaa akingoja nimalize mambo yangu, akajikuna sikio, kisha akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Nilipofuta miwani nilikuta nimelenga kisiki.

Mkwe akatokea anahema. "Umemwona?" Nikasema nimemwona, lakini alikuwa mchanga, nikamhurumia. Akaniamini. Huyu kijana ana moyo mzuri, tatizo ni huo moyo.

Tukaendelea kutembea. Sasa sikilizeni, hakuna aliyenionya kuhusu ndege. Kuna ndege wa huko wanamwita grausi, ukubwa wake kama kwale wetu aliyeshiba. Naye majira ya baridi huota vijimeno pembeni ya vidole ili atembee juu ya theluji, maana huko kila mwenye miguu anagawiwa viatu isipokuwa mimi. Usiku ukiwa wa baridi kali anajirusha ndani ya theluji laini akalala humo, amejifunika, juu haonekani. Mimi napita zangu, natazama chini nisijikanyage, ghafla theluji mbele ya goti langu ikalipuka. Pwaaa! Mabawa, manyoya, vumbi jeupe usoni. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nilimwita marehemu mama yangu, kwa Kisukuma, kwa jina lake lote. Nikaanguka chali, ungo zote mbili zinatazama mbinguni, bunduki imelala pembeni na kufuli yake ya usalama, nashukuru. Ndege alishafika Kanada.

"Pole, baba," sauti ikasema, inatetemeka. Nilifungua jicho moja. Alikuwa anajiuma mkono asicheke.

Jua la Desemba kule linazama saa kumi na dakika ishirini jioni, kwa hiyo saa tisa tukageuza. Njiani mkwe akasimama, akainua bunduki, risasi moja, sungura mmoja, kazi ya sekunde nne. Akanikabidhi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Halafu akauliza, kwa adabu zote, kama huyo anaweza kuhesabiwa kwenye mahari. Nikamwambia ng'ombe mmoja ni sungura mia tatu, na wewe una leseni ya kumi kwa siku, haya piga hesabu.

Nyumbani mama watoto alimtazama sungura juu ya meza, akanitazama mimi, midomo imepasuka, natembea miguu imeachana. Akamchuna, akatoka na nyama ya kujaza bakuli moja. "Umeondoka saa tisa usiku," akasema. Hakuongeza neno. Mwanamke huyu tumeishi naye miaka thelathini, ananiumiza zaidi akinyamaza. Mafuta ya gari, leseni, viatu vya kukodi, vifuko vya kupashia mikono: nilipojumlisha, kilo ya sungura yule ilikuwa ghali kuliko kilo ya kamba. Alimpika kwa nyanya na vitunguu. Alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Nilikula mapaja yote mawili kwa kisasi.

Jana jioni nimekaa zangu, miguu kwenye beseni la maji ya moto, simu ikaita. Ni yeye. Redio imetoka kutangaza kwamba Jumamosi itakuwa nyuzi 28 chini ya sifuri. Msimu wa sungura haufungwi mpaka mwisho wa Februari.

"Shikamoo, baba!" akasema, na safari hii akanyamaza, anangoja.

Nami pia nikanyamaza. Mama watoto akageuka kunitazama, binti akatoa kichwa jikoni. Shikamoo ya watu ipo hewani, haijaitikiwa.