Kifafa kikishaondoka, anabaki nani?

Mtu ameanguka kifafa tangu utotoni. Dawa zimebadilishwa mara tatu, nne, wapi. Hatimaye anapasuliwa ubongo, na mwaka unakatika bila kuanguka hata siku moja. Daktari anafurahi. Nyumbani mkewe anasema, "Huyu siye niliyemzoea." Je, kisu kimemgeuza tabia?

Nianze na upande wa upasuaji, kwa sababu hofu imewafanya wengi wachelewe. Karibu theluthi moja ya wenye kifafa hawatulii kwa dawa. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kanada uliowagawa wagonjwa 80 kwa kura: 40 wapasuliwe, 40 waendelee na dawa. Baada ya mwaka, asilimia 58 ya kundi la upasuaji walikuwa hawapati tena kifafa cha kupotewa na fahamu. Kundi la dawa ni asilimia 8 tu. Hali ya maisha nayo ilikuwa bora kwa waliopangiwa upasuaji. Mgonjwa mmoja alifariki, naye alikuwa wa kundi la dawa. Kungoja si salama kama tunavyodhani: kila mwaka mtu mzima mmoja hivi kati ya 1,000 wenye kifafa hufa ghafla, mara nyingi akiwa usingizini.

Lakini hofu hiyo ina chanzo chake. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alitolewa sehemu za ndani za ubongo kulia na kushoto, ikiwemo hipokampasi, sehemu inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua sana. Kumbukumbu mpya, hata hivyo, hazikukaa tena kichwani mwake hadi alipofariki mwaka 2008. Ungezungumza naye, utoke chumbani, ukirudi anakupokea kama mgeni. Ajabu ni kwamba waliomchunguza hawakuona hulka yake imebadilika. Aliendelea kuwa mtu mpole. Hulka ilibaki, maisha ya kujitegemea yakatoweka. Kwa hiyo tabia ni jambo moja na ubora wa maisha ni jingine, na anayeyachanganya hawezi kumshauri mgonjwa vizuri.

Siku hizi hukatwa upande mmoja tu, tena baada ya kumbukumbu kupimwa. Hata hivyo gharama ipo. Wanaokatwa ubongo wa ubavuni, karibu na sikio, upande wa kushoto, wengi hupungukiwa na kumbukumbu ya maneno. Takwimu zilizokusanywa kutoka tafiti mbalimbali zinataja takriban 44 kwa kila 100. Fundi seremala huenda akaivumilia hasara hiyo. Mwalimu je, au mwanafunzi wa sheria? Mizani ya mtu na mtu haifanani.

Sasa turudi kwa yule mke. Watafiti wa Melbourne, Australia, walieleza hali waliyoiita mzigo wa kuwa mtu wa kawaida. Aliyeishi miaka ishirini akilindwa, haruhusiwi kupika peke yake wala kuogelea, ghafla hana udhuru. Anatakiwa atafute kazi, aoe, agombane na watu kama wengine. Naye anataka kushika pesa zake na kutoka bila kuaga. Mama aliyekuwa akilala mlango wazi asikilize mtikisiko wa kitanda hajui afanye nini na usiku wake. Nyumba nzima ilijengwa juu ya ugonjwa. Ugonjwa ukitoka, kuta zinatikisika. Kwa maoni yangu, mengi yanayoitwa "amebadilika" ni hayo.

Mengi, si yote. Baadhi ya wagonjwa huingia kwenye sonona au wasiwasi miezi ya mwanzo baada ya kupasuliwa, hata kama hawaanguki tena. Sehemu inayokatwa mara nyingi hubeba amigdala, yenye kazi kubwa katika hisia, na baadhi ya dawa za kifafa zenyewe humfanya mtu awe mkali. Kumwambia mtu wa namna hiyo ashukuru tu kwa kuwa amepona ni kumtesa.

Wala kupona hakuna hakikisho. Kati ya watu wazima 615 waliofuatiliwa London baada ya upasuaji, asilimia 52 walikaa miaka mitano bila kifafa, ukiacha vile vidogo visivyopoteza fahamu.

Hapa kwetu upasuaji huu umefanyika Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE, na miaka baadaye wagonjwa wakafuatwa kuulizwa kuhusu unyanyapaa na hali ya maisha. Hilo ndilo swali lenyewe, kwa sababu palipo na watu wanaoamini kifafa huambukizwa kwa povu, aliyeacha kuanguka bado anaweza kutengewa sahani. Ningetaka mazungumzo yaanze kabla ya kisu, mke na mama wakiwa wameketi humo humo chumbani, waulizwe: akiacha kuanguka, nani atamwachia funguo za nyumba, na lini?