Mwanaraga Anapovuka Upande: Deni la Uaminifu ni la Nani?

Tarehe 9 Novemba 2024, uwanjani Twickenham, Joseph-Aukuso Sua'ali'i aliingia na jezi namba 13 ya Australia akiwa hajacheza hata mechi moja ya kulipwa ya raga ya wachezaji 15. Miezi michache nyuma alikuwa bado mtu wa Sydney Roosters, klabu ya raga ya wachezaji 13. Australia iliilaza England 42-37 kwa trai (bao la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli) ya Max Jorgensen iliyofungwa saa ikiwa imeshapita dakika ya 80, na Sua'ali'i akatajwa mchezaji bora wa mechi. Waliomleta walifurahi. Mashabiki wa raga ya 13 walibaki na lawama ile ile ya Machi 2023, aliposaini na chama cha raga ya 15 cha Australia mkataba wa miaka 3 uliotajwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 5 za Australia: kijana ametusaliti kwa pesa.

Hakuwasaliti, na ushahidi umo katika tarehe zenyewe. Mkataba wake na Roosters uliendelea hadi mwisho wa msimu wa 2024, naye aliutumikia. Klabu ilijua mwaka mmoja na nusu mapema kwamba anaondoka, kwa hiyo ilikuwa na muda wa kutafuta mtu wa nafasi yake na kupanga upya mishahara chini ya kikomo ambacho kila klabu ya ligi ile hubanwa nacho. Hata timu ya jimbo la New South Wales ilimwita kwa mechi ya kwanza ya State of Origin, mashindano ya raga ya 13 dhidi ya jimbo la Queensland, Juni 2024, ikijua fika kwamba ameshasaini kwingine.

Sasa mtazame Sonny Bill Williams. Julai 2008, msimu ukiwa katikati, alipanda ndege kimyakimya kwenda Ufaransa kujiunga na Toulon, klabu ya raga ya 15, ilhali alikuwa na mkataba wa miaka 5 na Canterbury Bulldogs ya raga ya 13 ambao ulikuwa bado mbali kuisha. Hakuwaaga wenzake. Mambo yalifika kwa mawakili na kuishia kwa malipo ya dola 750,000 za Australia. Fedha hizo ziliifidia klabu kama kampuni, lakini timu haikufidiwa. Mchezaji wa kiwango chake hapatikani mwezi wa Julai, kwa sababu wote walio bora wameshafungwa na mikataba, na dakika alizoacha hubebwa na miili ya waliobaki. Bulldogs walikuwa na matatizo mengine mengi mwaka ule, ila walimaliza mkiani.

Watetezi wa Williams wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Kikomo cha mishahara kilimzuia kulipwa kile ambacho soko lilikuwa tayari kumlipa. Maisha ya mwanaraga ni mafupi. Goti moja likikatika kano, hesabu zote zinabadilika. Tena klabu zenyewe humwita mchezaji mwenye mkataba wa miaka miwili zaidi na kumwambia atafute pengine, na siku hiyo hakuna anayetamka neno usaliti. Yote hayo ni kweli. Lakini njia ya wazi ilikuwepo na ipo hadi leo. Roger Tuivasa-Sheck, nahodha wa Warriors, klabu ya raga ya 13 ya New Zealand, alikubaliana na klabu yake hadharani mwaka 2021 na akaachiwa aende raga ya 15. Mwaka 2024 alirudi Warriors, akapokelewa kama mtoto wa nyumbani. Ukali wa mashabiki hutokana zaidi na namna mtu alivyoondoka kuliko mahali alikokwenda.

Neno lenyewe "usaliti" lina historia yake katika mchezo huu. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa England zilijitenga na chama cha raga kwa sababu ya mshahara wa siku uliopotea. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda. Aliyecheza Jumamosi alikosa ujira wake, na klabu zilitaka kumlipa fidia. Kiwango kilichokubaliwa baadaye kilikuwa shilingi 6 kwa siku. Chama kikaita hiyo dhambi. Kwa miaka 100 iliyofuata, aliyegusa pesa za raga ya 13 alifungiwa raga ya 15 maisha, na katika baadhi ya klabu hakukaribishwa hata kuketi na wenzake wa zamani. Marufuku hayo yaliondoka Agosti 1995, raga ya 15 iliporuhusu malipo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba kuvuka ni kosa la uaminifu anarudia hukumu iliyotungwa ili mfanyakazi asilipwe, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 15 ya mwaka 2003 inatosha kuonyesha jinsi hukumu ile ilivyokuwa ikiunyima mchezo wenyewe. England iliishinda Australia 20-17 katika muda wa nyongeza, na trai zilikuwa mbili tu: ya Lote Tuqiri aliyetoka Brisbane Broncos, na ya Jason Robinson aliyetoka Wigan. Wote wawili walikuwa wavukaji kutoka raga ya 13.

Lakini kuna jambo ambalo mjadala wa uaminifu hulifunika, nalo ndilo linaloamua kama uhamisho utafaa au utaharibu: kazi anayopewa mchezaji baada ya kufika. Michezo hii miwili inafanana kwenye runinga, ila mazoea yake yanapingana.

Katika raga ya 13, aliyeangushwa hubaki na mpira wake. Huinuka na kuurudisha nyuma kwa mguu, na timu ina nafasi ya kuangushwa mara 6 kabla ya kuukabidhi. Kila anapoangushwa mtu, wanaolinda hurudi mita 10. Mwili wa mchezaji hujifunza mambo mawili tangu utotoni: kupambana ukiwa wima hadi mwisho, kisha kuinuka haraka. Mpeleke mtu huyo kwenye raga ya 15 na mazoea hayo hayo yanageuka penalti. Huko aliyeangushwa lazima auachie mpira mara moja. Akiushikilia sekunde moja zaidi, mnyang'anyi wa upande wa pili ameshauinamia na mwamuzi ameshainua mkono. Wenzake nao wanapaswa kuwa wamefika kumfunika na kuwasukuma wapinzani. Mvukaji mgeni huangushwa mbali na wenzake kwa kuwa amezoea kwamba umbali hauna adhabu. Zamu ya kumsaidia mwenzake ikifika, huchelewa kwa hatua mbili: akili yake inamwambia kazi inayofuata ni kurudi kwenye mstari. Hatua mbili kwenye raki, yaani msukumano wa kugombea mpira ulio chini, ni mpira uliopotea.

Ulinzi ni mgumu zaidi, hasa kwa senta wa nje, mvaa jezi namba 13. Baada ya skramu, pale mafowadi wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana, mabeki wa kila upande wanasimama mita 5 nyuma ya miguu ya mwisho. Baada ya lainiauti, pale mpira unaporushwa ndani kutoka pembeni, ni mita 10 kutoka mstari wa urushaji. Kwa hiyo timu mbili zinatenganishwa na mita 20, na namba 13 ndiye anayeamua kama atapanda, atasubiri au atateleza kuelekea pembeni. Akikosea, winga wake anabaki peke yake na watu wawili. Raga ya 13 haina lainiauti, na skramu yake haishindaniwi kwa kweli, kwa hiyo picha hiyo ni ngeni kabisa kwa mvukaji. Kuna pia kimo cha kumwangusha mpinzani. Mechi ile ya Origin ya Juni 2024 Sua'ali'i alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 8 kwa bega lililomfika kichwani Reece Walsh. Raga ya 15 ni kali zaidi kwa kosa hilo: kugonga kichwa kwa nguvu huanzia kwenye kadi nyekundu, kisha mwamuzi hutafuta sababu za kuipunguza.

Vipo vitu vinavyovuka bila kupotea. Kudaka mpira wa juu chini ya shinikizo, kwa sababu raga ya 13 humaliza mashambulizi yake mengi kwa mkwaju wa juu. Kupasi ukiwa tayari unaangushwa. Mbio za kukata kwa pembe. Ndiyo maana wavukaji waliong'aa mapema ni mawinga na mafulbeki, na ndiyo maana benchi la ufundi la Australia lilimtumia Sua'ali'i kama mrukaji kwenye mikwaju ya kuanzisha upya mchezo, kazi ambayo haimtaki ajue siri za raki. Ukiniuliza muda, winga anahitaji msimu mmoja kamili, senta miwili, na fowadi zaidi ya hapo. Fowadi anahama na mwili tu. Ujuzi wa skramu, lainiauti na raki lazima aujenge upya.

Mwingereza Sam Burgess alilipia makosa ya mahesabu hayo. Oktoba 2014 aliisaidia South Sydney, klabu ya raga ya 13 ya Australia, kutwaa taji lao la kwanza katika miaka 43, akicheza fainali na mfupa wa shavu uliovunjika. Akaenda Bath, klabu ya raga ya 15 ya England. Klabu ilimwona kama fowadi wa namba 6. England ikamtaka senta namba 12. Chini ya mwaka mmoja tangu aanze, alikuwa anaanza mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Wales. England ilipoteza 28-25, ikafungwa tena na Australia na kutolewa kwenye makundi ikiwa mwenyeji. Lawama zikamwangukia Burgess, ingawa alipotolewa dhidi ya Wales England ilikuwa bado inaongoza. Novemba 2015 akarudi South Sydney, na safari hii Waingereza ndio waliomwita msaliti. Mtu aliyepewa nafasi moja kwenye klabu na nyingine timu ya taifa, kisha akahukumiwa kwa mechi chache, alikuwa na haki ya kuuliza nani hakuwa mwaminifu kwa nani.

Hapo ndipo ninapoiona hoja halisi dhidi ya uhamisho wa nyota, nayo inamhusu mnunuzi. Senta aliyekuwa akisubiri jezi ya Australia mwaka 2024 alikuwa ameambiwa tangu shuleni kwamba njia ni moja: klabu, Super Rugby (ligi kuu ya raga ya 15 ya ukanda ule), kisha taifa. Mtu mwingine akapandishwa hadi juu bila kupitia ngazi hata moja. Wakati huo huo chama cha raga ya 15 cha Australia kilikuwa na deni la mamilioni, na Melbourne Rebels, moja ya klabu zake 5 za Super Rugby, ilikuwa imeingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Januari 2024, ikafutwa baada ya msimu ule. Wapo wanaosema mshahara wa nyota ndio ulioiua Rebels. Hesabu zinakataa: madeni ya klabu ile yalizidi dola milioni 20, na mshahara wa mtu mmoja usingeyaziba. Utetezi wa chama pia una uzito. Ziara ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, ya 2025 na Kombe la Dunia la nyumbani la 2027 vilihitaji uso wa kuuzia tiketi, na mechi ya pili ya Lions mjini Melbourne ilitazamwa na watu zaidi ya 90,000. Ila tiketi haziwajibu wachezaji walioambiwa kuna foleni. Chama kikitaka kuvunja foleni, kiseme mapema ni nafasi ngapi zitajazwa hivyo, na kimpe mgeni walau nusu msimu wa klabu kabla ya jezi ya taifa. Sua'ali'i alifaulu bila hayo. Burgess, hata baada ya msimu mzima wa klabu, hakufaulu kwa sababu ule msimu haukumwandalia nafasi aliyopangiwa.

Na waliomlea? Hapa raga ya 13 hulalamika sana, lakini Sua'ali'i alicheza raga ya 15 shuleni The King's School na katika timu ya wanafunzi ya taifa kabla Roosters hawajamjaribu kwenye kikosi chao akiwa na miaka 17. Kila upande una risiti ya malezi. Mwaka ule ule wa 2024, winga wa Australia Mark Nawaqanitawase alivuka kwenda upande wa pili, akajiunga na Roosters hao hao, na kelele zilikuwa ndogo mno. Soka limelitatua hili kwa utaratibu: klabu zilizomfunza mchezaji hulipwa fidia ya mafunzo, na asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa waliomlea kati ya miaka 12 na 23. Kati ya raga hizi mbili hakuna kitu kama hicho, kwa sababu zina mashirikisho mawili yasiyo na mamlaka juu ya mwenzake. Vyama vya nchi moja, hata hivyo, vinaweza kusaini makubaliano yao wenyewe kesho: kiasi kilichowekwa wazi kwa kila mwaka wa malezi, kinacholipwa shule na klabu ndogo badala ya klabu kubwa iliyokwisha kufaidika na mchezaji.

Badala yake, Oktoba 2025 wasimamizi wa raga ya 13 Australia walitangaza kifungo cha kutocheza miaka 10 kwa atakayejiunga na mashindano mapya yaliyopangwa ya R360 ya raga ya 15. Naelewa hofu yao. Ligi inayopoteza nyota wake watano kwa mkupuo inaumia kwenye mapato ya runinga. Lakini kifungo hicho hakimtofautishi anayemaliza mkataba wake na kuaga na yule anayetoroka Julai, na mchezaji mwenye miaka 27 anayeadhibiwa sawa kwa njia zote mbili hana tena sababu ya kuchagua ile ya wazi.