Mkaa wa miti kwenye tanuri la chuma: mti upi, ardhi ya nani?

Kaboni ina kazi mbili kwenye tanuri la chuma: inatoa joto, na inaunyang'anya mtapo, yaani mawe yenye chuma, oksijeni yake. Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliipata kwenye mkaa wa miti tangu karibu miaka elfu mbili iliyopita. Uingereza ilianza kuuacha mkaa 1709, Abraham Darby alipofaulu kutumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa. Leo viwanda vya chuma na feleji hutoa takriban asilimia 7 ya hewa ukaa inayotokana na nishati, na wapo wanaotaka turudi kwenye miti.

Hoja yao ina uzito. Kaboni ya mti ilitoka angani juzijuzi, na mti mwingine ukiota itavutwa tena. Mkaa pia hauna salfa nyingi, ambayo huharibu chuma. Nchini Brazil jambo hili si majaribio: matanuri ya jimbo la Minas Gerais yanakula mkaa wa mikaratusi inayovunwa kila baada ya miaka saba hivi.

Lakini ni Brazil hiyohiyo inayonitia wasiwasi. Matanuri yaliyojengwa kando ya reli ya machimbo ya chuma ya Carajás yalichoma mkaa wa msitu wa Amazon, na wakaguzi wa kazi waliwakuta wachoma mkaa wakitumikishwa kama watumwa. Mti wa msituni uliochukua miaka mia kukua haurudi kwa miaka saba. Hata mashamba ya mikaratusi yana lawama zake: wanakijiji wa kaskazini mwa Minas wamepoteza malisho na kuona vijito vikikauka.

Kisha kuna hesabu. Tani moja ya chuma ghafi, kile kinachotoka tanurini, hula mkaa kilo 600 hadi 700, yaani zaidi ya tani mbili za kuni kavu. Dunia huyeyusha zaidi ya tani bilioni 1.2 kwa mwaka. Miti yote inayokatwa duniani haitoshi. Tena mkaa husagika ukibebeshwa mzigo mkubwa, ndiyo maana matanuri yake ni madogo.

Kwa hiyo mkaa ningeutengea utengenezaji wa silikoni, ambako umeme hutoa joto lakini kaboni bado haikwepeki. Chuma kingi kisubiri haidrojeni, gesi inayoweza kuuondolea mtapo oksijeni badala ya kaboni. Na kiwanda kisichoweza kuonyesha shamba miti yake ilikotoka, mkaa wake uhesabiwe sawa na makaa ya mawe.