Tetesi si sababu ya kustaafu

Tangu Desemba 2023, Serikali ilipotangaza kwamba baadhi ya taasisi za umma zitaunganishwa na nyingine kufutwa, sisi watumishi wa umma tunaokaribia miaka 55 hatujatulia. Hapa Moshi, iwe msibani Uru au kwenye kikoba, swali ni lile lile: usubiri 60 ya lazima, au uandike barua ya kustaafu kwa hiari ukifika 55, kabla mambo hayajabadilika? Taasisi ninayofanyia kazi nayo haijui kesho yake. Hata hivyo nasema wazi kwamba tetesi si sababu ya kustaafu.

Woga wetu haukutoka hewani. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikazaliwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na mwaka huo huo kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kikashusha mkupuo, zile fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 25. Watumishi walilalamika mpaka Rais Magufuli akakisitisha mwezi Desemba. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 wale ambao kabla ya 2018 walistahili asilimia 50 wakapandishwa kutoka 33 hadi 40. Aliyeyapitia hayo yote akitaka kuchukua chake mapema, simlaumu. Na wako wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, waliofuatilia stahiki zao kwa miongo mingi.

Ila shika kalamu kwanza. Pensheni ya mwaka ni miezi ya utumishi mara wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora, gawanya kwa 580. Asilimia 40 yake mara 12.5 ndiyo mkupuo. Asilimia 60 inayobaki unaigawa kwa miezi 12, ndiyo pensheni ya kila mwezi. Tuseme mtu ana miaka 55, ametumikia miaka 30, na mshahara wake ni shilingi milioni 1.5 kwa mwezi. Akiondoka leo anapata mkupuo wa karibu milioni 56 na pensheni ya kama 558,000 kwa mwezi. Akingoja hadi 60, hata asipopandishwa mshahara, mkupuo unafika milioni 65 na pensheni 650,000 hivi. Hiyo nyongeza ya tisini na kitu elfu ni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Halafu kuna mshahara wenyewe. Baada ya kodi na makato ya lazima anapokea kama milioni 1.1, yaani mara mbili ya ile pensheni. Kwa miaka mitano tofauti hiyo inapita milioni 30. Shemeji yangu aliniambia, "Mama, chukua chako, ukajenge vyumba vya kupangisha Pasua." Nikamuuliza, hivyo vyumba vitarudisha milioni 30 lini? Maana mkupuo haufiki mzima. Salio la mkopo linakatwa, paa la nyumba ya ukweni linangoja, ada inangoja, na ukoo mzima unajua siku hela itakapoingia. Matapeli nao wanajua. Wastaafu wangapi wamepigiwa simu na mtu anayejiita wa Hazina, akitaka "gharama ndogo ya kuharakisha mafao"?

Jambo linalosahaulika zaidi ni bima ya afya. Ukistaafu, kadi inabaki kwako na kwa mwenza wako. Watoto wanatoka. Sisi tuliozaa tukiwa watu wazima tuliangalie hilo kabla ya kuota kihamba, lile shamba la ukoo la nyumbani, na migomba.

Kihamba chenyewe nakipenda. Lakini kahawa uliyoipanda leo utaingoja kama miaka mitatu ndipo uchume, na parachichi hali kadhalika. Miche hiyo ipande sasa, ukiwa na mshahara wa kumlipa kibarua, usingoje mkupuo ndipo uanze kujifunza kilimo.

Wako ambao wanapaswa kuondoka, na nawaombea heri. Mwalimu aliyeharibikiwa sauti, mtu ambaye presha inampandia kila akifika ofisini, au yule ambaye duka lake Mbuyuni tayari linamlipa kuliko ajira. Hao waandike barua bila kuomba radhi kwa mtu. Ninayemzungumzia ni yule anayekimbia kwa sababu amesikia kitu kwenye kundi la WhatsApp, na mke au mume wake hajaonyeshwa hata karatasi moja ya hesabu.

Mume wangu na mimi tulizipitia hesabu zetu mezani, mpaka za ada. Siandiki barua mwaka huu. Kwanza mkopo wa Saccos uishe, ng'ombe walioko Kibosho walipe pumba zao kwa maziwa yao wenyewe, na kitinda mimba amalize kidato cha nne akiwa bado kwenye kadi yangu. Taasisi ikiunganishwa kabla ya hapo, nitaripoti nitakakopangiwa.